Damu ya Baba Mdogo, Jina la Baba

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu ilikuwa kinyume: tulimsikia mkuu, tukamtii neno kwa neno, na kilichotaka kuvunjika hakikuwa guu bali moyo. Sisemi moyo wa mapenzi. Nasema ule wa nyama, unaodunda.

Jumapili iliyopita niliitwa mbele ya shangazi nimwombe baba yangu radhi. Kabla sijaeleza nilimjibu nini, kwanza ijulikane ilivyokuwa.

Baba ni fundi bomba. Wateja humwita Tangi, na ukimwona huna haja ya kuuliza sababu. Akiingia jikoni kwa mtu, jiko linajaa na mwenye nyumba anatoka nje. Ndiyo maana anafanya kazi na mdogo wake, baba yangu mdogo, anayeitwa Njiti. Baba anafikiri, Njiti anapenya. Iwe darini, chini ya sinki au kwenye upenyo ambao hata panya angeugombea, Njiti hutangulia kichwa, na baba hubaki nje akimpitishia spana na maagizo. Wamefanya hivyo miaka ishirini. Palipo pembamba ni pa Njiti. Hiyo ndiyo sheria ya kazi yao, na balaa lote lilitoka humo.

Sebuleni kwetu, kati ya picha ya harusi ya wazazi wangu na picha yangu ya mahafali ya stashahada, kuna kipande cha bomba chenye urefu wa kiganja. Baba alikikata kwenye jiko la mgahawa mmoja. Nje kinang'aa. Ndani kimejaa mafuta yaliyoganda, meupe na magumu kama sabuni ya mche, hata tundu lililobaki halipitishi kalamu. Kila mgeni lazima akishike, na akikishika lazima asikie hotuba. Bomba halilii. Bomba haliumwi. Linaziba kimyakimya, siku likikwambia ujue maji yameshafika kitandani. Usidanganyike na rangi ya nje. Na jembamba ndilo huziba kwanza. Hotuba hiyo naijua kuliko wimbo wa shule.

Basi mwaka huu jengo moja la ofisi, la ghorofa kumi, likatafuta fundi bomba wa kudumu. Palikuwa na mshahara wa mwezi, bima, na chumba cha vifaa chenye rafu na ufunguo. Baba, ambaye vifaa vyake hulala chini ya kitanda cha ndoa na humchoma mama miguuni kila anapofagia, alikitamani kile chumba kuliko mshahara. Meneja wa jengo alimjaribu kwenye choo cha ghorofa ya tano akaridhika naye kabisa. Kikabaki kitu kimoja tu, cheti cha afya, pamoja na kipimo cha mafuta kwenye damu. Fundi aliyetangulia alishikwa na moyo akiwa ghorofa ya saba, na lifti siku hiyo ilikuwa mbovu. Meneja hakutaka yamrudie.

Baba alijitazama kwenye kioo cha kabati. Alijitazama mbele, kisha ubavuni, na ubavuni hakumaliza. Akamwita mdogo wake uani.

"Njiti," akasema, "kuna mahali pa kupenya."

Mama hakuambiwa. Mimi niliambiwa kwa sababu mbili: koti la kazi la baba, ambalo Njiti angelivaa zahanati apimwe kwa jina la kaka yake, lilihitaji pasi, na Njiti hakuijua tarehe ya kuzaliwa ya kaka yake, kwa hiyo alitaka mtu wa kumnong'oneza. Nilimwambia baba kwamba hilo ni kosa. Hakukasirika. Aliniuliza tu, mkubwa akisema, mdogo anafanya nini. Nikajibu kwamba anasikia.

"Basi pasi ile pale," akasema.

Njiti alifunga kula tangu jioni, kama karatasi ya zahanati ilivyoagiza. Hata chai aliikataa. Sijawahi kuona mtu akienda kudanganya kwa uaminifu wa namna ile. Zahanati ilikuwa na mabenchi ya bluu na tangi la samaki, na yeye akavutiwa na samaki. Muuguzi aliita jina la baba mara tatu. Mara ya nne nilimfinya, akaruka kama amepigwa na umeme.

Wakampima uzito. Muuguzi akaangalia mzani, akaangalia fomu ambayo baba mwenyewe aliijaza nyumbani kwa kujisahau, akauangalia mzani tena.

"Hapa umeandika kilo mia moja na nne. Mzani unasema hamsini na tatu."

"Nimepungua kidogo," akasema Njiti. "Mawazo."

Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Muuguzi akakata mia moja na nne, akaandika hamsini na tatu. Lakini alimtazama machoni kwa muda, akamuuliza vile vidoa vya manjano kwenye kope zake vimeanza lini. Njiti akamweleza kwa fahari kwamba dada yao, yaani shangazi yangu, alimwambia ni alama ya mtu ambaye utajiri uko njiani. Muuguzi akauliza ameungoja kwa muda gani.

"Miaka sita," akasema Njiti, akatoa mkono achomwe sindano.

Siku tatu baadaye tuliitwa kwa daktari, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi mwekundu. Hakuzunguka. Alisema kolesteroli mbaya imepita kiwango zaidi ya mara mbili, na mafuta mengine ya damu yanaifuata mgongoni. Alisema jambo hili halina maumivu mpaka siku lenyewe linapoamua, na likiamua huchagua moyo au ubongo: ama mshtuko wa moyo, ama kiharusi. Njiti akamuuliza, kwa niaba ya watu wembamba wote, inawezekanaje. Akajibiwa kwamba wembamba si kinga. Wapo watu ambao ini lao, tangu kuzaliwa, linashindwa kuyaondoa mafuta damuni, na ngozi ya nje haisemi kitu. Vile vidoa vya kope ndivyo vilivyosema. Akaandika vidonge vya kila siku, akakataza vya kukaanga, siagi, nyama ya mafuta na ngozi ya kuku, akataka matembezi ya nusu saa kila siku, na turudi baada ya wiki sita. Akasema pia ndugu wa damu wapimwe.

Njiti alisikiliza akitikisa kichwa. Tulipofika nje, kwenye ngazi, alikaa chini akalia machozi ya kweli.

"Maskini kaka yangu," akasema.

Nilidhani anatania. Nikamwambia, baba mdogo, damu imetoka mkononi mwako, na alama ya sindano bado iko hapo.

"Jina kwenye karatasi ni la nani?"

"La baba."

"Basi," akasema, akajifuta pua kwa mkono wa koti la kaka yake.

Msimcheke sana. Katika ukoo wetu kila kitu hupita kwa mkubwa kwanza. Saa ya babu ilikwenda kwa baba, koti la babu likaenda kwa baba, na paja la kuku limekwenda kwa baba tangu walipoota meno. Njiti hajawahi kupata kitu chenye jina la kaka yake. Atapataje ugonjwa?

Baba naye alikuja juu. Alimlaumu mdogo wake kwamba amekula kisirisiri usiku, kwamba damu yake imemwangusha, kwamba miaka ishirini anamlisha halafu anamlipa hivi. Nikamwambia hakula, nilikuwa naye. Baba akasema jambo la ajabu, kwamba mashine za zahanati huwa hazijui watu. Hilo likamtosha. Meneja wa jengo, kwa bahati, alikuwa mtu mpole. Alikisoma cheti akasema kazi itasubiri wiki sita, mafuta yashuke, apimwe tena.

Mambo yangeishia hapo kama mama asingefua lile koti.

Aliikuta karatasi ya daktari mfukoni. Akaisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa juu ya ndoo. Mama yangu si mtu wa kulia. Ni mtu wa jikoni. Jioni ile baba aliletewa sahani ya kabichi ya kuchemsha, dengu zisizo na hata tone la mafuta, na tango. Akauliza mayai yako wapi. Mama akamwambia ameshasoma kila kitu, asihangaike kumficha, yuko naye mpaka mwisho. Baba akafumbua mdomo akiri. Mama akaujaza kabichi.

Ikawa hivyo kila siku. Asubuhi saa kumi na mbili mama alimtoa nje kwa matembezi, yeye nyuma na fimbo ya ufagio kama mchungaji. Kila jioni alimpa kidonge na kusimama mbele yake mpaka ameze. Baba alikificha chini ya ulimi, akitoka barazani anakitemea kwenye chungu cha maua. Lile ua halikuwahi kuwa na tatizo la mafuta tangu wakati huo.

Na chakula cha zamani je? Mama hawezi kutupa chakula. Mayai yaliyokuwa ya baba, ngozi ya kuku iliyokuwa ya baba, ile nyama yenye ukingo mweupe iliyokuwa ya baba, vyote vilivuka meza.

"Shemeji, kula wewe," alikuwa akisema. "Wewe huna mwili."

Njiti alikula. Mwanzoni alikula kwa aibu, baadaye kwa juhudi. Mgonjwa akawa analishwa ugonjwa, mzima akawa anatibiwa, na mimi katikati nimefungwa mdomo kwa neno la mkuu. Nilijaribu. Nilimvuta Njiti pembeni nikamsomea maneno ya daktari moja baada ya jingine. Akacheka. Akaniuliza kama nimewahi kuona njiti ya kiberiti imeziba. Nilimfuata baba. Akaniambia ya nyumbani hayaanikwi uani, na kipimo cha pili kikipita atampumzisha mdogo wake wiki nzima. Nikamwonyesha kile kipande cha bomba kwenye rafu. Akasema hilo ni bomba.

Wiki ya nne baba alirudi na mkanda umeingia matundu mawili. Alipanda ngazi akipiga mluzi. Njiti ndiye aliyeanza kusimama katikati ya ngazi, akijifanya anakagua ukuta.

Siku mbili kabla ya kipimo cha pili niliwapelekea koki waliyoisahau. Walikuwa wakitengeneza bafu la nyumba moja ya ghorofa. Nilimkuta Njiti amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono kifuani, jasho linamtoka na uso umekuwa kama majivu. Alisema kifua kimembana kidogo, kama mtu amemkalia, lakini anaamka sasa hivi. Baba alikuwa amepiga magoti kando yake. Akachukua spana, akamgonga mgongoni taratibu, mara mbili, akaweka sikio. Ndivyo anavyopima mabomba.

"Liko sawa," akasema.

Ila aliweka sikio tena, na baba yangu bomba halisikilizi mara mbili.

Nikasema twende hospitali sasa hivi. Njiti akasimama, rangi ikamrudia, akasema ameshapona. Baba akasema, siku mbili tu, mwanangu. Alisema kama mtu anayeomba, si kama mkuu. Hilo ndilo lililonitisha. Siku mbili zile nilimfuata Njiti kama kivuli, nikambebea mpaka kandambili. Ya tatu niliamka, nikakichukua kile kipande cha bomba kwenye rafu, nikakitia mkobani.

Mpango wa baba ulikuwa mwepesi: Njiti atakwenda zahanati peke yake, baba atashinda kazini. Mama ndiye aliyeuharibu. Alivaa gauni la kutokea, akashika mkoba, akatangaza kwamba wiki sita amechemsha kabichi yeye, na matokeo atayasikia kwa masikio yake. Kwa hiyo baba akaenda na mama. Njiti alikuwa ameshatangulia, amevaa koti. Tulimkuta mbele ya tangi la samaki. Mama akashangaa, shemeji, wewe unafanya nini huku? Njiti akasema amekuja kuwaona samaki.

Tukakaa wanne kwenye benchi la bluu. Muuguzi akatoka, akaita jina la baba.

Wakasimama wote wawili.

Wakatazamana. Wakakaa wote wawili.

Muuguzi akaita tena. Safari hii hakusimama mtu. Akamtazama Njiti, ambaye anamkumbuka. Akatazama kadi ya baba mkononi mwa mama. Mama akamtazama mumewe, akamtazama shemeji yake, akalitazama lile koti alilolifua kwa mikono yake. Baba akanigeukia na kunitolea jicho lililosema, mdogo anafanya nini.

Nikasimama. Nikakitoa kile kipande cha bomba nikakiweka juu ya meza ya muuguzi, penye fomu.

"Damu mliyopima mara ya kwanza ni ya huyu mwembamba," nikasema. "Huyu mnene hajawahi kupimwa. Vidonge vyote amepewa huyu mnene, mafuta yote amekula huyu mwembamba. Na juzi huyu mwembamba kifua kilimbana akashindwa kusimama."

Zahanati nzima ilikuwa imetugeukia, pamoja na samaki. Mama aliuliza swali moja tu.

"Na vidonge alikuwa anameza?"

"Viko kwenye chungu cha maua, mama."

Daktari mwenyewe alitoka. Alimvua Njiti lile koti, wakambandika nyaya kifuani, na karatasi ilipotoka kwenye mashine hakusema tena habari za siagi. Aliita gari. Hospitali kubwa walimpitishia waya mwembamba kutoka kifundo cha mkono hadi moyoni, wakapanua mahali palipobana, wakaacha kijibomba kidogo kishikilie njia. Daktari wa moyo alitueleza hayo kwenye ukumbi, na baba akauliza kipenyo.

"Milimita tatu," akasema daktari.

"Na palikuwa pameziba kiasi gani?"

"Sehemu tisa kwa kumi."

Baba alitafuta kiti. Alikaa akitazama sakafu. Kesho yake alirudi akauliza kile kijibomba ni cha madini gani na kina dhamana ya miaka mingapi, nikajua amepata nafuu.

Yeye naye alipimwa, kwa jina lake na damu yake. Mafuta yalikuwa yamezidi kiwango kwa unywele tu, na daktari akasema akiendelea na kabichi yatashuka. Angeweza kupata cheti. Lakini daktari hakuweza kuifuta karatasi ya kwanza wala kuificha, na meneja wa jengo alipoujua ukweli alisema kwa upole uleule kwamba anatafuta fundi mmoja, si mmoja na nusu kwa jina moja. Kazi ikaenda kwa mtu mwingine. Vifaa viko chini ya kitanda.

Ndipo Jumapili nikaitwa.

Shangazi alikaa kwenye kiti kikubwa. Mashtaka yalikuwa matatu: nimemwaibisha baba mbele ya watu, nimeikosesha nyumba ghorofa kumi, na nimetoa bomba la baba sebuleni bila ruhusa. La tatu alilitamka kwa uzito kuliko mengine. Mama alikuwa jikoni, hakuchangia, ila sufuria zilisikika. Njiti alikuwa kwenye kochi, mbele yake sahani ya kabichi, akiitazama kama barua kutoka mahakamani. Vile vidoa vya kope bado vipo. Shangazi sasa anasema utajiri ulikuwa ndio huo, kupona bure.

Akasema hamna anayenitakia mabaya. Neno moja tu, radhi, halafu tule. Akanikumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikanyoosha miguu yote miwili mbele yake, nikaitazama, ikawa mizima.

Baba hakuwa akinitazama. Alikuwa anaitazama rafu, pale ambapo kipande cha bomba kimerudishwa, na karibu yake kimewekwa kichupa cha vidonge vya Njiti ili asisahau. Aliyekiweka pale ni baba mwenyewe. Nilimwona.

"Tunakusubiri," akasema shangazi.

"Shangazi, kabichi inapoa," nikasema. "Radhi siombi."